Geji ya Leyland

Kwanza natoa betri: hasi, kisha chanya.
Gari iliyozaliwa kabla yangu haichomelewi ikiwa macho.
Pijo 404, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
imeegeshwa Gerezani kati ya mlima wa rejeta
na mama Tumpe akaangaye mihogo.

Mzee Ngahyoma kaja na geji tatu ndani ya mfuko wa sukari,
za duara, pana kama visosi,
zimetoka kwenye lori la Leyland lililofia Chalinze.
Joto. Oili. Mafuta.
"Zangu zimekufa," anasema,
"naendesha kwa kukisia."
Alikuwa mhasibu wa bohari ya pamba miaka thelathini na mmoja.
Kukisia kunamuuma kama jino.

Bati la zamani si bati la siku hizi.
La siku hizi ukilikoholea linabonyea.
Hili nalibisha kwa kifundo cha kidole
nalo linajibu ngo, neno zima, halimumunyi.
Nachora duara kwa chaki na kifuniko cha kopo la maziwa.
Napima. Napima tena.
Habili, kijana wangu, kashikilia kitambaa kibichi kwenye mpira wa kioo,
ndoo ya mchanga iko mguuni pake,
maana moto haujafundishwa kupiga hodi.

Grenda inalia.
Cheche zinaingia kwenye kola, natulia,
ukirukaruka mkono unakosea.

Mkono ulikosea hata hivyo.
Milimita tatu. Tundu la kati, la mafuta,
limepanuka kama mdomo wa mtu aliyetaka kusema jambo
akakumbuka kuwa yuko ukweni.
Habili kaona. Habili anatazama mihogo.

Chuma ukishakikata hakipokei samahani.
Kinapokea chuma.
Nikachonga pete kutoka mlango wa friji bovu,
nyembamba, nikaikunja juu ya bomba la maji,
nikaichomelea kwa nukta: hapa, halafu ng'ambo, halafu hapa,
bati lisipate joto la upande mmoja
likajipinda kwa hasira.
Nukta ya saba, kimya.
Luku.
Tukachanga elfu mbilimbili na fundi viti wa jirani,
nikabonyeza tarakimu ishirini kwa kidole chenye masizi,
nikakosea moja, nikaanza upya.
Nukta ya nane ikashika.
Kisha msasa. Kisha bondo, kidogo sana:
bondo ni uongo, naitia kama chumvi.

Jioni mzee anapitisha kidole.
Ni kidole cha mhasibu, kinateremka kama juu ya daftari,
tarakimu kwa tarakimu,
kinasimama palepale penye pete,
chini ya rangi mbili na msasa wa maji.
"Hapa palikuwa na deni."
"Limelipwa," nasema.
Anaguna. Haandiki chochote.

Narudisha betri: chanya, kisha hasi.
Swichi. Oili inaamka, joto linajivuta,
na mshale wa mafuta unaruka mpaka mwisho:
limejaa.
Tangi lile wote tunalijua. Lina lita mbili,
nimezimimina mwenyewe kwa chupa.
Kumbe geji ya Leyland na boya la Pijo
hawakusoma shule moja;
huku njaa inaandikwa huku, kule inaandikwa kule.

"Nitaigeuza kesho," nasema, "ni rizista moja tu."
Mzee anacheka mpaka anaushika usukani.
"Iache, fundi. Tangu nistaafu
sijaona kitu changu hata kimoja kimejaa."
Akaondoka kuelekea Msimbazi, taa moja ikikonyeza,
shibe yake ikimmulika magoti.

Bado namdai elfu arobaini.
Kwa geji ile, amemaliza kulipa.